Siku Shangazi Ndeshi Alipokuwa Jaji wa Mbwa

Mbwa wa jamii ya teria akilowa hunuka kama gunia la katani lililosahauliwa mvuani. Harufu hiyo, ikichanganyika na ya kahawa iliyokuwa ikikauka vichanjani, ndiyo iliyonipokea nyumbani kwa Shangazi Ndeshi, Kirua Vunjo, mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa amepata kazi Arusha na alikuwa bado hajapata nyumba, kwa hiyo nikapelekwa kwa dada yake baba. Shangazi alikuwa amestaafu. Miaka mingi alikuwa msaidizi wa daktari mmoja wa mifugo mjini Moshi, mzee aliyefuga teria na kualikwa huku na huko kuwa jaji kwenye maonyesho ya mbwa, na shangazi ndiye aliyemshikia daftari. Mzee yule alipofunga kazi alimwachia mbwa wawili, dume na jike, pamoja na vyeti vilivyoonyesha babu na bibi zao hadi kizazi cha tano. Mimi nilikuwa simjui hata baba wa babu yangu kwa jina, nikaona ajabu mbwa kunizidi.

Walikuwa mbwa wadogo, weupe, wenye mabaka ya kahawia usoni na masikio yaliyokunjika mbele kama kona ya ukurasa. Kijijini watu hawakuwaelewa. Mbwa wa Kirua alilala nje, akala makombo, na kazi yake ilikuwa kubweka. Wa shangazi waliogeshwa kwa sabuni na kukaushwa kwa taulo. Akina mama waliotoka kukata majani ya ng'ombe walisimama kwenye ua wa mimea ya masale, mizigo kichwani, wakauliza hao watabatizwa Jumapili gani. Shangazi alicheka nao, kisha akaendelea na kazi. Yeye aliwapenda teria wake kwa sababu walifanya kazi kihambani, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba: waliwafukua fuko waliokata mizizi ya migomba, na stoo yake ya kahawa haikuwa na panya hata mmoja. Alisema kila kipimo cha jaji kimetoka shimoni. Kifua cha teria lazima kienee katika viganja viwili vya mtu mzima, kwa sababu kikizidi hapo mbwa atakwama chini ya ardhi na huo ndio utakuwa mwisho wake.

Mwaka ule wale wawili walikuwa na binti, Popi, wa mwaka mmoja na nusu, na shangazi akanikabidhi nimwandae kwa maonyesho ya Moshi. Sikuwahi kukabidhiwa kitu kikubwa kiasi hicho. Kila jioni, nikishateka maji mfongoni, mfereji ulioleta maji kutoka mlimani, nilimpandisha Popi juu ya meza ya kukatia majani na kumzoesha kusimama kimya huku nikimfunua midomo, maana jaji hutaka kuona meno ya juu yakiyafunika ya chini kama makali ya mkasi. Nilijifunza kumnyonyoa manyoya yaliyokufa kwa vidole, machache machache, bila kutumia mkasi. Nilijifunza kumtembeza kati ya safu za mibuni, kamba ikiwa mkono wa kushoto, bila kumvuta na bila kujiweka kati yake na macho ya jaji. Mwanzoni aliruka kila jani lililoanguka. Baada ya miezi miwili alikuwa akitembea kichwa juu, mkia umesimama, nami nikaanza kutembea vilevile. Shangazi alikaa kwenye kigoda akimenya ndizi za mtori, akatutazama na kusema neno mojamoja: "Polepole." "Geuka." "Mwache apumue." Sifa hakutoa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nadhani aliniogopea hilo.

Chini yetu, mjini Himo, kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Mama Glory, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Naye alikuwa na teria, dume aliyeitwa Roki, aliyenunuliwa Nairobi. Mama huyu alikuwa akiwaambia watu kwamba mbwa wa Ndeshi ni machotara, na kwamba vyeti vile viliandikwa na daktari mzee aliyekuwa haoni vizuri. Maneno hayo yalipanda mlima hadi kwetu kabla ya mwezi kwisha. Shangazi aliyasikia kwa jirani siku ya gulio, akafunga kanga yake vizuri na kusema kwamba uwanjani kila mtu ataona. Mimi niliyabeba kwa uzito zaidi. Usiku nilipoomba sala zangu nilimwomba Mungu amlinde mama, kisha amwangushe Roki.

Siku ya maonyesho tulishuka Moshi na pikapu ya jirani aliyepeleka ndizi sokoni, Popi akiwa mapajani mwangu ndani ya taulo. Uwanja wa shule ulikuwa umezungushiwa kamba, kuna mahema mawili, meza yenye kitambaa cheupe, na mbwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Wengi walikuwa wakubwa, wa walinzi na wa wenye hoteli. Teria walikuwa saba. Mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, lakini hakuna aliyeutazama, kwa sababu kila mtu alimtazama mbwa wa mwenzake. Tulipokwisha kujiandikisha, mwenyekiti wa kamati akaja kwa shangazi huku akijifuta jasho. Jaji aliyetarajiwa kutoka Nairobi alikuwa amepiga simu kwamba gari limemharibikia upande wa pili wa mpaka. Jaji wa mbwa wakubwa alikuwepo. Wa teria hakuwepo, na watu walikuwa wametoka mbali.

"Mama Ndeshi, wewe ndiye unayeijua kazi hii," alisema. "Tusaidie."

"Nina mbwa wangu hapa," shangazi akamjibu. "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nikihukumu, Popi hataingia."

Shangazi akaniinamia mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Aika, mbwa umemwandaa wewe. Ukisema nikatae, nitakataa, na sitakulaumu."

Watu walikuwa wamesimama wanasubiri, na mmoja wao alikuwa Mama Glory. Nilitaka kusema akatae. Midomo yangu ikasema, "Hukumu tu, shangazi," na papo hapo nikajuta.

Nilikaa nje ya kamba na Popi kwa saa nzima. Alisikia mbwa wengine wakiitwa, akasimama mwenyewe kama nilivyomfundisha, kichwa juu, akingoja zamu. Ndani, shangazi aliwapima wale sita mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu uleule: meno, masikio, viganja viwili kuzunguka kifua, kisha kwenda na kurudi. Roki alipofika mezani, Mama Glory alishika kamba kwa mikono miwili. Shangazi alimgusa Roki kama alivyowagusa wengine, bila haraka na bila ukali. Akawazungusha wote mara moja zaidi, akasimama kidogo, kisha akanyoosha mkono. Wa kwanza, Roki.

Mama Glory alipokea utepe wa mshindi akabaki amesimama.

"Nilidhani utaninyima," alisema.

"Wewe sijakupa kitu," shangazi akajibu. "Nimempa mbwa."

Njiani kurudi nilimpakata Popi hadi gari likaanza kupanda mlima. Kisha nikalia, nikamwambia kwamba Popi angemshinda Roki na yeye anajua. Shangazi aliniacha nilie. Mwishowe alisema tu kwamba utepe ambao ungetoka mkononi mwake kwenda kwa mbwa wake, hata watoto wa Kirua wasingeuheshimu. Mwaka uliofuata Popi alikuwa ananyonyesha, na mwaka wa pili mimi nilikuwa Arusha kwa mama. Popi hakuingia uwanjani kamwe. Mama Glory alikuja kununua mmoja wa watoto wa Popi, na habari ya machotara haikusikika tena.

Sasa naishi Moshi, na mara kwa mara naitwa kuwa jaji. Mambo yamebadilika. Mbwa huwekewa kifaa chenye namba chini ya ngozi, vyeti viko kwenye simu, na mwaka jana kamati iliyonialika ilipendekeza mshindi apatikane kwa kura za mtandaoni. Hakuna tena anayeuliza kuhusu shimo, na teria wengi ninaowapima hawajawahi kuchafua pua. Hata hivyo ni wazuri, wana afya kuliko wale wetu, na vijana wanaowaleta wanajua mambo ambayo shangazi hakuwahi kuyasoma.

Mwezi uliopita nilipanda Kirua kumsalimia. Macho yamepungua nguvu, akili iko palepale. Nilimpa shikamoo, tukanywa chai, kisha nikamuuliza swali nililolibeba tangu utotoni: kama Popi angeingia siku ile na jaji akawa mtu mwingine mwenye haki, angepata nafasi gani?

Hakufikiri hata kidogo.

"Ya pili," alisema. "Mabega yalikuwa mazito. Roki alikuwa mbwa mzuri, mwanangu."

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Kisha nikamuuliza wa tatu angekuwa nani, naye akawataja wote hadi wa saba, mmoja mmoja, na kasoro zao.