Guo la Jeneza Juu ya Upondo

Bibi aliyenifundisha kushona alifariki alfajiri, na kabla jua halijapanda sawasawa nilikuwa nimeshamharibia safari yake.

Yeye ndiye aliyelitarizi guo la jeneza la msikiti wetu hapa Rumonge. Kitambaa cha kijani kilitoka Ujiji kwa mtumbwi. Shahada aliishona mwenyewe kwa uzi wa manjano, mpaka macho yakamchoka. Mimi chuo cha Kurani sikufika mbali, ila maneno yale nayajua kwa vidole, maana herufi za mwisho alinishika mkono nikazimalizia mimi. Alizoea kusema, "Wengi wamepita chini ya guo langu. Zamu yangu ikifika, msinifunike leso."

Nikatumwa msikitini kulichukua. Njiani nikaota mchana, kama kawaida yangu: namwona bibi peponi akikagua mapindo ya nguo za watu. Kufika nyumbani nikalitua guo juu ya mtungi bila kutazama. Ulikuwa mtungi wa mawese, na kifuniko kimelowa. Doa jekundu likaingia, kubwa kama kiganja.

Mama akalitazama, akanitazama. "Mutoto wewe, macho uliyaacha wapi?"

"Nitalifua, mama."

"Anazikwa baada ya adhuhuri. Jua iko wapi sasa?"

Nikatawadha, nikalifua kwa majivu. Maji yake nikayamwaga kwenye shina la mti ndani ya ua wa miba, kwani maji yaliyopita kwenye maneno yale hayakanyagwi. Doa likatoka jua likikaribia utosini, lakini guo likawa zito kama mtoto aliyelala. Nilianike uani, mbuzi wapite juu ya ncha zake? Haikufaa. Nikakimbilia ufukweni, nikausimika mchangani upondo wa mjomba wa kusukumia mtumbwi, nikalifunga juu kabisa ili upepo wa ziwa ulipige. Likafunuka, likapepea. Nikafurahi, jamani, nikaanza hata kuimba.

Ndipo nikauona mtumbwi wa askari wa Mdachi, yule Mjerumani aliyetutawala, uliokuwa ukipita mbali kuelekea Usumbura, ukigeuka na kuja moja kwa moja kwangu.

Walishuka watatu na bunduki zao. Mkubwa wao, mwenye sharubu, akauliza, "Bendera ya nani hii?"

"Si bendera, bwana. Ni guo la maiti."

"Tangu lini guo la maiti likapanda mti?" Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. "Bendera hapa ni moja tu, ya Kaisari. Ishushe. Inakwenda bomani, na wewe pamoja nayo."

Nikalishusha. Kule juu msikitini mwadhini alikuwa ameanza kuadhini adhuhuri. Yule mwenye sharubu akanyoosha mkono alipokee, na mdomo wangu ukanitangulia:

"Bwana, una udhu?"

Mkono ukasimama hewani.

"Huyu binti ana ulimi," akasema mmoja nyuma yake.

"Hii ni shahada," nikasema. "Aliyeishona amelala ndani, anangoja kufunikwa. Ukilichukua, anakwenda na leso."

Aliitazama mishono kitambo. Kisha akampa mwenzake bunduki, akavua viatu, akachutama ukingoni mwa ziwa. Akasukutua, akaosha uso, mikono, miguu, taratibu kama mtu asiye na safari. Mimi nimesimama nimelikumbatia guo, maji yakinichirizika kifuani, sijui anatawadha alichukue au aliache.

Akalipokea kwa mikono miwili, akaligusisha kwenye paji la uso, akanirudishia.

"Siku nyingine usimsimamishe Mungu kama tanga," akasema. Akaung'oa upondo. "Bwana mkubwa naye lazima aletewe kitu. Nitamwambia bendera ilianguka majini, mti wake huu hapa."

Wakaondoka nao. Mjomba ananinunia mpaka leo.

Hapakuwa na muda wa kulikausha. Bibi alitoka chini ya guo lake bichi, nasi wanawake tukabaki mlangoni tukiwatazama wanaume wakimbeba. Matone yalidondoka vumbini nyuma ya jeneza, moja moja, mpaka kwenye kona. Jirani mmoja akainua mguu aende kwake ng'ambo ya njia.

"Ngoja," mama akamwambia. "Hapa hapakanyagwi mpaka jua iyanywe maji haya."

Tukangoja wote, upande wetu wa njia, hakuna aliyevuka.