Blanketi Kati Yangu na Mama Mkwe

Nilisafiri kwenda Chato kwa sababu mke wangu, Kabula, alikuwa amejifungulia huko kwa mama yake, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa kwanza, na sasa shingo ya mtoto ilikuwa imeshakaza. Kazi yangu ilikuwa kupima pamba kwenye kiwanda kimoja cha kuchambulia pale Shinyanga. Msimamizi alinipa ruhusa huku akinicheka kwamba viporo vya kujipikia vimenikausha. Nikafunga sukari na sabuni, vitu ambavyo miaka ile vilipatikana kwa foleni au kwa kufahamiana na mtu, nikapanda treni ya Mwanza nikijisikia mtu mzima kweli kweli. Nilikuwa baba.

Kutoka Mwanza nilichukua meli ndogo iliyokuwa ikizunguka bandari za magharibi ya ziwa, ikibeba watu, ng'ombe na marobota ya pamba bila kutofautisha sana. Ziwa lilikuwa limetulia, na safari ya kwenda haikuwa na la kusimulia zaidi ya samaki niliyemla kwenye bandari ya Nkome akanikwama kooni. Niliteremka Nyamirembe, nikapata lori la mihogo lililonifikisha karibu na kijiji cha wakwe zangu.

Jioni ile nilipokelewa na shemeji yangu Maduhu. Alinipeleka moja kwa moja kwenye nyumba ya wageni, mbali na jiko. Wanaotoka kwetu hawahitaji kuelezwa. Kwa Wasukuma, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na hakuna anayekula wala kunywa mbele ya mwenzake. Si ugomvi, ni heshima. Mama mkwe, Mama Kabula, nilimwona kwa mgongo tu, pindo la kanga likipotea nyuma ya ghala.

"Dada bado hana nguvu," Maduhu aliniambia tulipokuwa tukila. "Homa ya uzazi ilimwacha vibaya. Mayu anasema atakuja kwenu Shinyanga, akae mpaka mavuno." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

"Nashukuru sana," nilisema. "Ila njiani itakuwaje?"

"Wewe kaa mbele, yeye nyuma. Meli ni kubwa."

Niliipenda fikra hiyo. Na niseme ukweli, kichwani nilikuwa najiona msomi kidogo. Pale kiwandani nilizoea kuwaambia wenzangu kwamba mambo ya kukimbiana na wakwe ni ya kizamani, na kwamba siku hizi mtu anamsalimia mkwe wake kwa mkono kama mtu mwingine yeyote. Nilikuwa sijawahi kulijaribu.

Siku ya kurudi tulipanda meli ileile Nyamirembe. Kabula, mtoto wetu Limi na Mama Kabula walikaa nyuma, chini ya turubai la abiria. Mimi nilikwenda mbele kwenye marobota ya pamba, nikaegemea bidhaa ninayoijua. Nkome alipanda mchimba dhahabu mmoja aitwaye Shija, akitoka kwenye mashimo ya Geita, mwenye blanketi begani na mdomo usiopumzika. Alikaa karibu nami, akanisimulia jinsi alivyokaribia utajiri, kila mara ukimponyoka kwa kiasi cha koleo moja.

Mchana, kisiwa cha Kome kikiwa kinaonekana vizuri, injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Mwanzoni watu walicheka. Mafundi walishuka na spana, wakapanda, wakashuka tena. Upepo ukaanza kutusukuma ubavuni. Ng'ombe wakasogea upande mmoja, marobota yakawafuata, na meli ikalala kidogo upande wa kushoto. Hapo hakucheka mtu.

Kapteni alitoka na kipaza sauti cha bati. "Abiria wote upande wa kulia! Kaeni chini, mtu asinyanyuke mpaka niseme!"

Mabaharia walitusukuma kama magunia. Nilijikuta nimekalishwa chini ya turubai, na nilipoinua macho, magoti yangu yalikuwa karibu kugusa magoti ya Mama Kabula. Aligeuza uso haraka, akavuta kanga mpaka puani. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kabula alikuwa katikati yetu na mtoto, amebanwa, akitutazama kwa zamu.

Tulikaa hivyo muda mrefu sana. Nanga ilishushwa, meli ikaacha kusukumwa, lakini bado ililala, na amri ya kapteni haikubadilika. Jua lilipita chini ya turubai likatupata usoni. Mabaharia walikuwa wakichota maji ya ziwa kwa ndoo na kugawa kwa kikombe, kila mtu akinywa na kumpa jirani. Kikombe kilipomfikia Mama Kabula, alikipitisha bila kukigusa mdomoni. Kikarudi tena, akakipitisha tena. Viazi walivyokuja navyo vilibaki vimefungwa. Hata kwenda msalani hakwenda, maana njia ilipita juu ya miguu yangu.

"Mayu, kunywa kidogo," Kabula alimbembeleza.

"Sina kiu, mwanangu," alijibu. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Mwanamke mwenye umri ule, kwenye jua lile, anaweza kuanguka asiamke, na aliyemzuia kunywa nilikuwa mimi. Ziwa zima limetuzunguka, maji mpaka upeo wa macho, na kuwapo kwangu tu kulikuwa kumemfungia mtu koo. Nilitamani kuruka majini. Sijui kuogelea.

Alasiri alianza kuyumba kichwa. Ndipo usomi wangu ukanipanda. Nikachukua kikombe kilichojaa, nikapiga magoti mbele yake, nikakishika kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti ya kusikika, kama mtu anayefundisha darasa: "Mama, tafadhali kunywa. Haya mambo ni ya zamani. Mbele ya Mungu wewe ni mama yangu."

Nilidhani kupiga magoti kungetosha.

Mama Kabula alinyanyuka kana kwamba nimemmwagia uji wa moto. Akataka kukimbia, na pa kukimbilia hapakuwapo. Mguu wake ukanasa kwenye kamba, akaanguka juu ya mkono wake mbele ya meli nzima, kitambaa kikamtoka kichwani na kanga ikamfunguka. Kikombe kilinidondoka. Wanawake walimzunguka kwa haraka, wakamfunika.

"Kapteni!" Shija alipiga kelele kutoka nyuma. "Huku kuna mkwe anataka kumtosa mama mkwe!"

Watu walicheka kwa nguvu, nadhani kwa sababu walikuwa wameogopa kwa muda mrefu. Mimi nilibaki nimepiga magoti. Sijapata kuona aibu kama ile, na haikuwa aibu ya kuchekwa. Nilikuwa nimeona mvi zake. Nilikuwa nimeona uso wake wote, na ulikuwa unalia.

Kabula aliniambia polepole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi: "Umemvua mama yangu nguo mbele za watu."

"Nilitaka anywe."

"Angekunywa kama ungeuondoa uso wako."

"Niupeleke wapi, Kabula?"

Akamgeukia mama yake kumfunga kanga. Nikageuka kwa Shija, nikamwomba blanketi lake. Alitaka kutania, akanitazama, akaacha. Akanirushia. Lilikuwa blanketi zito, linalonuka moshi na tumbaku. Nikalijifunika gubigubi, kichwa mpaka miguu, nikajikunja palepale nilipokaa kama mwali wa ndani. Joto lilinipata mara moja. Nilisikia watu wakicheka tena, kisha wakichoka kucheka. Jasho liliniingia machoni, nikalia humo ndani bila mtu kujua, na sioni haya kusema hilo.

Baada ya muda nilisikia kikombe kikigongana na ndoo. Nikasikia Kabula akisema, "Hakuoni, mayu." Halafu nikamsikia mama yake akimeza. Alikunywa kikombe kizima, akaomba kingine. Kiazi kilimenywa. Miguu ikapita juu ya miguu yangu kwenda msalani, ikarudi.

"Mwambie huyo apumue," Mama Kabula alimwambia binti yake. "Asije akafa humo, ikasemwa amekufa ili mimi ninywe."

Nilifunua upande wa ukuta wa meli, nikapumua. Kila alipotaka kunywa, Kabula alinigusa mgongoni, nami nikajifunika. Tukaendelea hivyo mpaka giza likaniondolea kazi.

Asubuhi meli nyingine ilikuja, ikatufunga kamba na kutuvuta mpaka Mwanza. Gatini Mama Kabula alisimama mbali, mkono wake umevimba na kufungwa kwa kitambaa. Kabula alinijia macho mekundu. Mama yake alikuwa amesema atarudi Chato kwa meli ya kwanza.

Nilimwona Kabula jinsi alivyosimama, mtoto mgongoni, magoti yakitetemeka kwa udhaifu, nikajua kwamba bila mama yake hatafika mavuno salama. Nikamwomba Shija awe mdomo wangu. Yule mtu aliyenicheka alivua kofia, akaenda akachuchumaa mbele ya yule mama kwa adabu ambayo sikumtegemea nayo. Nilikaa nyuma ya lundo la magunia nikisikiliza.

"Mayu, mkweo anasema amekosa. Atatoa mbuzi wa kukusafisha."

"Mbuzi nitamla na nani Shinyanga?" Akaurekebisha mkono wake uliofungwa. "Muulize nyumba yake ina milango mingapi."

Shija alikuja kuniuliza, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Mmoja," nilisema. "Mwambie kabla ya Jumapili itakuwa miwili."

Shija akalipeleka jibu kwa Mama Kabula. Kisha nikaona mzigo wake ukiinuliwa kuelekea stesheni.

Katika treni alipanda behewa lingine. Shinyanga nililala kwa jirani hadi fundi alipotoboa ukuta wa nyuma wa nyumba yangu ya tofali za udongo na kunifungia mlango wa mabati. Huo ndio ukawa mlango wangu. Majirani wa mtaani kwetu, Ngokolo, walifurahi sana. Waliniita mwizi wa nyumba yake mwenyewe, na kiwandani hakuna aliyetaka tena kusikia maoni yangu kuhusu mambo ya kizamani. Nilikuwa nakohoa nje kabla ya kuingia, nikila peke yangu chumbani, nikimsikia Mama Kabula upande wa pili akimwimbia Limi. Kabula alinenepa. Nilichojifunza ni hiki tu, kwamba heshima ya mtu mwingine si mali yangu niipunguze nikiona imezidi.

Mwezi mmoja hivi baadaye mvua kubwa ilinikuta nikitoka kazini. Nyuma ya nyumba palijaa maji, mlango wangu ukawa umezama nusu na haufunguki. Nilisimama chini ya paa la mbele nimelowa chapachapa, nikakohoa. Kabula alikuwa zahanati na mtoto.

Ndani nikasikia kigoda kikiburutwa.

"Baba Limi," sauti ya Mama Kabula ilisema, "pita huku mbele. Nimeshageukia ukutani."