Fundi Aliyekataa Kutoka Ndani ya Joka

Niwasimulie habari za fundi cherehani mmoja, mjane mwenye mabega mapana na mdomo usiopoa. Mchana alipunguza suruali za watu. Jioni alikuwa miguu ya nyuma ya joka, katika kikundi kidogo cha maigizo kilichokuwa kikitayarisha mchezo kutoka riwaya ya kuchekesha, kuhusu joka linaloogopa moto.

Ngozi ya joka aliishona mwenyewe kwa mapazia makuukuu. Mwenzake, kinyozi mmoja, alikuwa miguu ya mbele, akishughulika na taya, haoni kitu. Kwa hiyo joka lilikwenda kule lilikosukumwa na fundi, aliyechungulia kwenye tundu la ubavuni.

Siku ya mazoezi ya mwisho, kaka yake mkubwa akaingia ukumbini.

“Toka humo. Mtu mzima na akili zako unakuwa makalio ya mnyama? Ukoo mzima tunachekwa.”

“Wameshaanza kucheka?” fundi akauliza kutoka ndani. “Basi mchezo utafana.”

“Nimesema utoke. Kesho hupandi jukwaani.”

“Kaka, heshima yako iko palepale. Ila umesimama kwenye njia ya joka.”

Kaka akaukamata mkia, akavuta kwa nguvu zote. Mshono haukuachia hata uzi. Fundi akamsukuma kinyozi kiunoni, joka likageuka na kumwendea kaka taya wazi, naye akarudi kinyumenyume mpaka nje. Kinyozi, asiyejua wanamfukuza nani, akanguruma vizuri kuliko siku zote.

“Kesho njoo mapema ukae viti vya mbele,” fundi akamwambia kaka yake. “Mimi humu sitoki.”