Sheria Iliyonywewa kwa Kibuyu

Moshi wa mti wa senetwet ukinifikia puani hadi leo, nakumbuka sheria. Maana utotoni niliamini, na ningeapa mbele ya kanisa zima, kwamba Wakili wetu hakusoma sheria: aliinywa. Ilisemekana mama yake, Kogo, bibi wa kijijini kwetu karibu na Sotik, alichoma vitabu vya sheria vilivyoachwa na mzungu mmoja wa shamba la chai, akasugulia majivu yake ndani ya kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda, ambacho watu wengine husugua kwa mkaa wa senetwet. Mtoto akanywa kifungu baada ya kifungu mpaka akawa na ulimi wa kumfanya ng'ombe aombe msamaha. Ushahidi nilikuwa nao: mursik ni ya kijivu, na karatasi ikiungua huwa ya kijivu. Ungetaka nini zaidi?

Miaka hiyo ya tisini Wakili alikuwa na ofisi Kericho mjini, juu ya duka la misumari, na ngazi zake zilijaa wachuma chai wenye gambuti na kesi za mipaka. Yetu ilikuwa mojawapo. Jirani yetu, Mzee Barnaba, alidai kipande chetu cha chai cha upande wa mto, na bila kipande hicho tungebaki na nyumba na kuku wawili wasiotaga. Kesi ikiwa katikati, Wakili akasimama kiti cha ubunge, akashinda. Mvua iliyonyesha siku ya kumbeba mabegani, nilidhani mbingu nayo imempigia kura. Kijiji kizima kilicheza; baba alikaa jikoni.

"Sasa ni Mheshimiwa," akamwambia mama. "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Akiwa Nairobi atakumbuka michai yetu?"

Mimi nikaona dawa: Wakili ameenda, basi tutengeneze mwingine. Sheria hatukuwa nayo nyumbani, nikachoma kitabu changu cha historia na uraia, nikasugulia kibuyu cha mama, nikanywa wiki nzima. Nilichopata ni kuhara, si ufasaha.

Siku ya kesi baba alivaa tai ili ajitetee mwenyewe. Tulipofika mahakamani, Mheshimiwa alikuwa ameketi kwenye ngazi, viatu vina tope la Chebunyo alikotoka kwenye mkutano, anatafuna mahindi ya kuchoma.

"Mzee, umechelewa," akamwambia baba. "Na hiyo tai umeazima kwa nani?"

Ndani alimuuliza Barnaba kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi.

"Mzee, michai hiyo ulipanda wewe?"

"Mimi."

"Huwa inapogolewa na nani?"

"Hao."

"Na majani, nani anachuma?"

"Ni hao."

"Sasa wewe huwa wapi?"

"Huwa naangalia."

Hakimu mwenyewe alificha uso nyuma ya faili. Michai ikabaki yetu, na imani yangu katika kibuyu ikaota mizizi kuliko michai. Mtu aliyekunywa maziwa ya kawaida angetoa wapi maneno kama hayo?

Kwa imani hiyo nikawa nangoja kunywa badala ya kusoma, na mtihani wa darasa la nane ukanipita kama lori la majani linaloteremka mlima. Nilikuwa tayari baba wa watoto nilipoingia masomo ya jioni, nikakubali kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku hizi waheshimiwa hutushukia kwa helikopta, wakatupulizia vumbi, wakapaa. Sijamwona hata mmoja akitungoja kwenye ngazi na hindi mkononi. Wakili amestaafu, anafuga ng'ombe. Nilipopata cheti changu nilikipeleka kwa mama yake, ambaye sasa ana umri wa milima, nikamwomba anionyeshe kile kibuyu.

Kogo alicheka mpaka akashika mlango.

"Kibuyu gani, kijana wangu? Yule, mursik ilikuwa ikimuuma tumbo tangu akiwa mdogo. Nilimpa chai, akasoma."