Mbuzi wa Kuomba Radhi

Jumanne, nikisubiri zamu yangu na mwanangu mgongoni katika ofisi ya msaada wa kisheria huku Engutoto, nilikaa karibu na mama mmoja kutoka Kikwe aliyevunjwa mguu na gari. Alikuwa amefunika magongo yake kwa kitenge.

"Shikamoo mama," alisema msaidizi wa kisheria.

"Marahaba. Mwanangu, nadhani nimeshapoteza fidia. Dereva alileta mbuzi wa kuomba radhi, wazee wakasema yameisha."

"Kuna karatasi ulisaini?"

"Hapana. Nilikula maini tu."

"Basi mbuzi amemaliza ugomvi. Mguu utalipwa na bima ya gari, na hao wa bima hawajaleta hata kuku."

Mama alicheka mpaka mwanangu akaamka mgongoni.

Wasomaji wangu, mbuzi wa radhi mleni kwa amani. Kalamu tu ndiyo msiishike haraka.