Sabufa na Mkeka wa Mama Mkwe

Niseme ukweli, sabufa ile ilinitia kiburi. Niliiweka kwenye kona ya sebule yetu hapa Masoko, nikaiunganisha na tivii, nikafungulia besi mpaka mwisho, vikombe vikawa vinatetemeka kabatini. Jirani akipita, naongeza.

Kisha mama mkwe akaja kutoka Milola. Alikuwa ameanguka akiwa peke yake shambani, na mimi na mke wangu tulishakubaliana kwamba safari hii harudi, atakaa nasi moja kwa moja. Lakini kila tamthilia ya jioni ilipoanza, alichukua mkeka wake akaenda kukaa barazani. Sikushangaa. Kwao mama mkwe hakai chumba kimoja na mume wa bintiye, na hata shikamoo yangu aliiitikia kutoka nyuma ya pazia. Nikajisifu moyoni kwamba nimepata mkwe mwenye heshima zake.

Jumamosi moja asubuhi nikaukuta mkoba wake mlangoni, umefungwa.

"Mama anarudi kwake," mke wangu akaniambia, macho mekundu. "Anasema hiyo ngoma yako inampiga kifuani, na wanaoongea kwenye tivii hawasikii wanasema nini. Wiki nzima anaona haya kukwambia."

Haya zikanishika mimi. Nikamtuma mke wangu amsihi mama atusaidie kuirekebisha, maana ujana wake wote alikuwa mpiga ngoma kwenye shughuli za wanawake. Alasiri tukaanza kazi, mama akisema na bintiye, bintiye akisema na mimi niliyesimama hatua mbili tu kutoka kwa mama.

"Mwambie aitoe kwenye kona. Ngoma ikibanwa pembeni inavuma yenyewe tu, waimbaji hawasikiki."

Nikaitoa. Akaagiza kwanza iwekwe kwa muda pale atakapokaa yeye, ikiwa inavuma, kisha akatembea taratibu kufuata ukuta, kiganja ukutani, kichwa ameinamisha, akisikiliza ni wapi sauti inatulia ili ihamishiwe huko. Karibu na dirisha mvumo ulizidi. Nyuma ya mlango ukafifia kabisa. Alipofika ubavuni mwa kabati, mvumo ukawa wa kadiri, akasimama. "Hapa." Nikaihamishia hapo, nikaanza kupunguza besi. Maneno ya waigizaji yakatoka wazi, nami kwa woga wangu nikaendelea kupunguza.

"Usiiue, baba," akasema. "Rudisha kidogo."

Mke wangu alishafungua mdomo anifikishie ujumbe, akaufunga. Mama alikuwa amesema na mimi mwenyewe.

Jioni alitandika mkeka wake ndani, akanipa mgongo kwa adabu, akauliza yule binti wa kwenye tamthilia analia nini. Nilimshukuru Mungu kwa swali lile, na bado namshukuru. Tamthilia ilipokwisha nikaenda kufunga mlango. Mkoba haukuwepo pale. Alikuwa ameurudisha chumbani.