Shingo ya Moureen

Mdogo wangu Jemimah alisoma barua ya daktari mbele yangu, akanisomea maneno ambayo hayakuwamo. Barua ilisema mwanangu Moureen ana presha na sukari yake inapanda. Yeye akasoma kwamba mtoto ni mzima. Kisha akaniacha likizo tatu nzima nikimsugua mtoto shingo kwa katani, mimi nikidhani ni uchafu, yeye akijua ni ugonjwa. Hilo ndilo kosa. Nimelitaja mwanzo ili mtu asidhani nalalamika bure.

Mimi sijui kusoma. Anayeniandikia haya ni Wakesho, katibu wa kikundi chetu cha akina mama. Akimaliza atanisomea, kisha nitampelekea mtu mwingine, asiyejua Wakesho amenisomea nini, anisomee tena. Zamani sikuwa hivyo.

Tulizaliwa Marungu, wasichana wawili. Baba alikuwa na mbuzi wa kutosha kusomesha mtoto mmoja, na mbuzi wenyewe walihitaji mtoto wa kuwachunga. Mimi nilikuwa mkubwa, kwa hiyo mbuzi walikuwa wangu. Sikulia. Jemimah alikuwa na akili tangu mdogo, hata nyumbani alikuwa akichora herufi chini kwa kijiti na kuniuliza kama nazipenda. Mvua za vuli zikinyesha, korongo lililo kati yetu na shule lilijaa, nami nilimvusha mgongoni, viatu vyake nimevifunga shingoni mwangu ili afike navyo vikavu. Nilikuwa nasimama ng'ambo mpaka aingie darasani, ndipo narudi kwa mbuzi.

Akawa mwalimu wa chekechea mjini Voi. Tangu alipoanza kusoma vizuri, karatasi zote za nyumbani zilipita kwake: kadi za kliniki, notisi za chifu, karatasi za shamba baba alipofariki. Alikuwa anaweka kidole chini ya mstari na kusoma polepole, kama baba alivyopenda. Sikuwahi hata siku moja kumwuliza, una hakika?

Aliolewa, hakupata mtoto, mume akaenda zake. Moureen alipotimiza miaka sita, ndovu walikuwa wanashinda kwenye njia ya shule yetu, na mzazi alikuwa akimtoa mtoto asubuhi bila kujua kama atamwona jioni. Jemimah akaniambia, "Dada, niletee huyu. Kwangu shule iko hapo tu, ng'ambo ya barabara." Mume wangu Onesmus hakutaka. Mimi ndiye niliyesema aende. Nilifikiri nawasaidia watu wawili kwa mara moja, mtoto wangu na mdogo wangu.

Na niseme ukweli hata kama unaniuma. Moureen alipoanza kunenepa, nilifurahi. Alikuwa ametoka kwangu na miguu kama fimbo, akawa anarudi likizo na mashavu yaliyojaa. Wanawake waliniambia, "Huyo dada yako anajua kulea." Sikujua kwamba akitoka shule anafungiwa ndani na televisheni kwa sababu ya malori ya barabara kuu, na kwamba Jemimah akichoka, chakula cha jioni ni chipsi na soda, na asubuhi ni mkate mzima na chai ya sukari vijiko vinne. Alimpa kila alichotaka. Mtu aliyekosa mtoto miaka yote hiyo hajui kumwambia mtoto hapana. Hilo nililielewa baadaye, na kwa hilo peke yake nisingemkasirikia.

Mwaka jana, likizo ya Aprili, Jemimah alimleta Moureen mwenyewe. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, mzito kunishinda. Tulikuwa tunachambua pojo uani aliponiambia, "Mama, manesi walikuja shuleni kutupima. Wenzangu wamepimwa mkono mara moja, mimi mara mbili."

"Kwa nini mara mbili?"

"Mashine zao mbovu," Jemimah akajibu haraka.

"Walitoa karatasi?"

"Nilimpa anti," Moureen akasema. "Ilikuwa imefungwa kwa bahasha."

Jemimah akafungua mkoba taratibu sana. Nikamwambia, "Soma nisikie." Akaweka kidole chini ya mstari. Akasoma kwamba uzito wa mtoto ni mzuri, damu yake ni nzuri, na mlezi anapongezwa. Nilimwomba ile karatasi. Alisita kidogo, nami nikacheka, nikamwambia, "Mwalimu, hata sifa zako unaninyima?" Akanipa. Nikaiweka sandukuni, pamoja na kadi ya ubatizo ya Moureen.

Jioni hiyo nilipomwogesha ndipo nilipoiona shingo. Nyuma yote ilikuwa nyeusi, ngozi imekuwa nene na laini kama kitambaa, mistari imejikunja. Na kwapani vilevile. Nikamwita Jemimah aje aone.

"Hii ni nini tena?"

Aliiangalia, akageuza uso. "Vumbi la Voi, dada. Na hawa watoto wa siku hizi wanajimwagia maji tu. Msugue."

Nikamsugua. Kwetu katani haikosekani, mtu akipita karibu na mashamba ya mkonge anarudi na kamba zake, na sisi sote tumekua tukisuguliwa nayo. Nilitumia katani na sabuni ya kipande. Haikutoka. Siku ya pili niliongeza ndimu. Moureen alishika ukingo wa karai, akasema, "Mama, nimeoga, naapa nimeoga." Nikampiga kofi la mgongo kwa sababu ya kuapa.

Agosti shingo ilikuwa nyeusi zaidi. Jumapili, tukitoka kanisani, jirani yangu Dinah akaivuta kola ya Moureen mbele ya wanawake wote.

"Mama Moureen, kumbe Voi maji yamekauka kabisa?"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Si maji, ni shingo zimekuwa nyingi, akimaliza moja anasahau nyingine." Wakacheka zaidi. Jemimah alikuwa amesimama kando yangu na kitenge chake kizuri. Nilimtazama anisaidie, maana yeye ndiye aliyejua kuongea. Akacheka nao. Akasema, "Namwambia kila siku aoge vizuri, huyu mtoto ni mvivu."

Moureen alisikia. Alikuwa ameshika mkono wa huyohuyo anti yake.

Na wiki hiyohiyo Jemimah aliniletea katani mpya kutoka sokoni Voi, laini, imesukwa vizuri. "Hii haichubui sana," akasema. Nilimshukuru.

Novemba mtoto akaja akiwa amebadilika. Alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mbali. Alikuwa mzito wa kuamka, na alilalamika kichwa. Mwanzoni mwa Desemba tulienda pamoja kuwarudisha mbuzi, mwendo mfupi tu, akaketi chini njiani. "Mama, moyo unanigonga masikioni. Nakuona mara mbili." Onesmus akaita pikipiki. Jemimah alikuwa amekwenda matangani huko Mata na simu yake ilikuwa imezimwa. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, nilikwenda hospitali bila yeye. Nilifungua sanduku nikachukua ile barua, nikifikiri itanisaidia kujieleza.

Daktari aliyetupokea aliitwa Tryphena, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Kitambaa cha kufunga mkono cha kupima presha kilikuwa kidogo, akatafuta cha watu wazima. Alipima, akapima tena. Kisha akainua nywele za Moureen nyuma, akaona shingo na makovu.

"Nani amemchubua hivi?"

"Ni mimi. Uchafu umekataa kutoka."

"Mama, huu si uchafu."

Nikakasirika. Nilikuwa nimechoka kuaibishwa. Nikatoa barua. "Ninyi wenyewe mlimpima shuleni mkasema ni mzima. Hii hapa."

Akaisoma. Akairudia. "Nani alikusomea hii?"

"Mdogo wangu. Ni mwalimu."

"Alikusomea yote?"

"Yote."

Akavuta kiti akaketi karibu nami, magoti yetu yakikaribia kugusana. "Nikusomee na mimi?"

Akanisomea mstari kwa mstari, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Presha ya mtoto iko juu kuliko inavyopasa kwa umri wake, na imepimwa mara mbili kuhakikisha. Sukari yake imeanza kupanda. Ngozi nyeusi shingoni ni alama kwamba mwili umeshindwa kutumia sukari inavyopasa, kwa sababu ya uzito. Si uchafu, na tafadhali mtoto asiadhibiwe kwa ajili yake. Mzazi na mlezi wamlete kliniki ndani ya wiki mbili.

Barua hiyo ilikuwa ya Februari. Tulikuwa Desemba.

Moureen ndiye aliyesema kwanza, polepole kama anayejiambia mwenyewe. "Kwa hivyo mimi nilikuwa naoga."

Daktari akamjibu, "Ulikuwa unaoga, mama. Ulikuwa unaoga vizuri sana."

Nilimwuliza kama kweli mtoto anaweza kupata presha, maana mimi najua presha ni ya wazee. Akaniambia wapo, tena wengi kuliko zamani, na kwamba mtoto mnene sana moyo wake unafanya kazi ya mtu mzima kabla ya wakati. Walimpiga picha ya moyo na ya tumbo. Ini lilikuwa limeingiwa na mafuta, na ukuta wa moyo ulikuwa umeanza kuwa mnene kwa kusukuma kwa nguvu. Sukari yenyewe ilikuwa imevuka mpaka, akaandikiwa dawa. "Moyo wa mtoto bado unasikia," Tryphena akasema. "Tukishusha presha na uzito polepole, unaweza kurudi hali yake. Lakini mngekuja Februari, pengine tungeongea habari ya chakula tu, si ya dawa."

Nilisubiri Jemimah arudi kutoka Mata. Nilikwenda kwake nyumbani, nikamkuta anapanga vitabu vya watoto wake wa chekechea. Alipoiona karatasi mkononi mwangu alikaa chini bila kuambiwa.

"Nisomee," nikamwambia.

"Dada..."

"Nisomee kama ulivyonisomea Aprili. Weka kidole."

Hakusoma. Akaanza kulia. "Ningekuambia ukweli ungemchukua."

"Ndiyo. Ningemchukua."

"Basi ndiyo sababu." Akafuta uso kwa mkono. "Hujui ilivyo kukaa humu peke yako, dada Mkamburi. Huyo mtoto ndiye mtu wa pekee anayenisubiri nikitoka kazini. Na watu wangesema nini? Mwalimu amemlea mtoto wa dada yake mpaka akaugua? Nilifikiri nitampunguzia chakula kidogo kidogo, itaisha, hakuna atakayejua."

"Ulimpunguzia?"

Akaanza tena kupanga vitabu.

"Na katani? Uliniletea katani, Jemimah."

"Ile ilikuwa laini," akasema.

Nilimtazama huyu mtu niliyembeba mgongoni kwenye maji. Kwa muda wote ule alikuwa analia kwa ajili yake mwenyewe, hata shingo ya mtoto alikuwa hajaiulizia. Nikachukua nguo za Moureen na vitabu vyake, nikatoka.

Sasa mtoto yuko kwangu Marungu. Ndovu hawajaondoka, lakini wazazi tunawapeleka watoto kwa zamu, wakiwa kundi, na Onesmus hutangulia na debe lake la kupiga kelele. Daktari alifurahi kusikia mtoto anatembea. Chakula tumebadilisha sote, chungu kimoja: mboga, pojo, ugali mdogo, chai bila sukari. Onesmus alinung'unika kuhusu chai wiki mbili, Moureen akamwambia, "Baba, wewe hujaandikiwa dawa, vumilia tu," na siku hiyo alicheka kwa mara ya kwanza. Presha imeshuka kidogo. Kila mwezi tunarudi kliniki, na sijaambiwa bado kwamba moyo umepona.

Weusi wa shingo, daktari anasema, unaweza kufifia mwili ukitulia. Makovu ya katani hayatafifia. Moureen anavaa kola ndefu hata jua likiwa kali, na anajifungia akioga. Nikigonga mlango ananyamaza, maji hayasikiki tena, mpaka niondoke.

Jemimah ametuma ujumbe mara nyingi. Anasema anaomba msamaha, na ananiomba tumalize mambo haya kifamilia, kimyakimya. Kimya ndicho kilichotufikisha hapa. Barua iko sandukuni, pamoja na kadi ya ubatizo. Jemimah anadaiwa kuja kuisoma, maneno yote, kidole chini ya mstari, mbele ya Moureen na mbele ya wanawake waliocheka kanisani, na akifika pale palipoandikwa kwamba si uchafu, apasome mara mbili. Dinah naye, aliyeivuta kola, ana neno la kumwambia mtoto, wala simkumbushi.

Na mimi nadaiwa na mwanangu. Alisema ameoga, nami sikumwamini. Nilimwamini mwenye kusoma. Nimemwomba msamaha mara tatu, na mara zote amenijibu, "Sawa, mama," huku anainua kola.